Niliganda mtoto akizama: je, mimi ni mwoga?

SWALI: Shikamoo, Daktari. Nina miaka 26, naishi Musoma. Mwezi uliopita nilikuwa mwaloni jioni na wenzangu, tunasubiri mitumbwi irudi tununue samaki. Watu walikuwa wengi. Mtoto wa kama miaka tisa aliyekuwa anacheza juu ya mtumbwi uliofungwa aliteleza, akaangukia upande wenye kina. Nilimwona. Naapa nilimwona kabla ya wengine. Nilisimama tu. Miguu haikwenda, sauti haikutoka. Mama mmoja anayeanika dagaa ndiye aliyekimbia, akachukua upondo, akaingia majini hadi magotini na kumfikishia mtoto, naye akaushika. Mtoto ni mzima. Wenzangu tangu siku hiyo wananiita Mnara, eti nilisimama kama mnara wa simu. Marehemu baba yangu alikuwa askari. Naomba kujua: mimi ni mwoga? Ujasiri mtu anazaliwa nao, au unafundishika? Na je, nimwambie mchumba wangu au ninyamaze?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Namshukuru Mungu mtoto ni mzima. Barua yako nimeirudia kwa sababu ya maneno yale ya katikati, "nilimwona kabla ya wengine." Naona hapo ndipo panapokuuma, maana kama usingemwona ungelala usingizi wako kama kawaida. Basi tuanzie hapo.

Wengi tumefundishwa kwamba hatari ikitokea mtu ana njia mbili, apigane au akimbie. Maelezo hayo tuliyapata kwa Walter Cannon, mwanafiziolojia wa Marekani, ambaye mwanzoni mwa karne ya 20 alionyesha jinsi adrenalini inavyouandaa mwili kwa kazi nzito. Yana ukweli, ila yameruka hatua ya kwanza. Kabla ya kupigana na kabla ya kukimbia, karibu kila kiumbe husimama. Swala akisikia kijiti kimevunjika huinua kichwa na kukakamaa. Sisi pia tuko hivyo. Katika muda huo mapigo ya moyo yanaweza hata kushuka, macho hukaza mahali pamoja, misuli hujaa nguvu lakini imefungiwa breki. Amri hiyo hutoka ndani kabisa ya ubongo, na sehemu moja inayohusika sana ni amigdala, kitu kidogo mfano wa punje ya lozi. Inafanya kazi upesi mno, kabla wewe mwenyewe hujajua unachokiogopa ni nini. Kwa hiyo kuganda kwako hukukuchagua. Kulikwisha kuamuliwa kabla hujaulizwa.

Swali la haki ni kwa nini wewe ulibaki hapo na yule mama akatoka. John Leach, mwanasaikolojia wa Uingereza aliyechunguza ajali za meli, ndege na moto, ametoa maelezo ambayo mimi nayaona ndiyo bora. Akili ikikutana na jambo ambalo tayari ina jibu lake, hulichagua jibu hilo ndani ya sekunde moja au mbili. Ikiwa haina jibu, inabidi ilitunge, na kutunga jibu jipya kunaweza kuchukua sekunde 8 hadi 10 hata mtu akiwa ametulia. Ukiongeza hofu, muda unarefuka, na kwa wengine jibu haliji kabisa. Kwa makadirio yake, katika maafa watu kama asilimia 10 hadi 15 hubaki na akili timamu, wachache kama hao huchanganyikiwa na kufanya mambo ya hatari, na wote waliobaki, ambao ni kama robo tatu ya watu, hupigwa na bumbuwazi. Wewe ulikuwa katika hiyo robo tatu. Wenzako wanaokucheka nao walikuwemo, kwa sababu kwa maelezo yako mwenyewe hakuna hata mmoja wao aliyeshika upondo.

Sasa mtazame yule mama vizuri, maana umenipa maelezo yake bila kujua yana thamani kiasi gani. Alijua upondo umeegeshwa wapi. Alijua sakafu ya ziwa pale inashuka kuanzia wapi. Kisha, na hili naomba usilipite haraka, aliingia hadi magotini akasimama. Hakujirusha. Alibaki mahali ambapo miguu yake inashika chini, akauacha ule upondo umalizie umbali uliobaki. Mtu anayeshinda mwaloni toka asubuhi mpaka jioni, akiona watoto wanacheza kwenye mitumbwi kila siku, amekwisha kuliona tukio hilo kichwani mwake mara nyingi kabla halijatokea. Yeye alichagua jibu, wewe ulianza kulitunga. Ujasiri alikuwa nao, tena mkubwa, lakini ulikuwa na pa kupitia.

Kuna jambo la pili lililokushika, nalo ni wingi wa watu. Mwaka 1968 watafiti wawili wa Marekani, Bibb Latané na John Darley, walichapisha jaribio ambalo mpaka leo tunawafundishia wanafunzi. Mtu aliwekwa chumbani ajaze fomu, kisha moshi ukaanza kuingia kupitia tundu la ukutani. Waliokuwa peke yao, asilimia 75 walitoka kwenda kutoa taarifa. Lakini mtu alipowekwa pamoja na wengine wawili walioagizwa wakae kimya kana kwamba hakuna kitu, ni asilimia 10 tu waliotoa taarifa. Waliobaki walikaa, wanapangusa macho, wanaendelea kuandika. Kila mtu alimsoma mwenzake usoni, na uso wa mwenzake ulisema hakuna shida. Mwaloni siku ile ilikuwa hivyo hivyo. Wewe ulimwona mtoto, ukaona kundi zima limetulia, na sehemu fulani ya akili yako ikakuambia labda umeona vibaya. Wakati huo huo huenda kuna aliyekuwa anakutazama wewe, na kwa sababu umetulia, naye akatulia.

Nisikuache na picha mbaya ya binadamu. Utafiti mwingine uliochapishwa miaka ya karibuni uliangalia picha za kamera za barabarani za ugomvi 219 katika miji ya Amsterdam, Lancaster na Cape Town. Katika visa tisa kati ya kumi, angalau mpita njia mmoja aliingilia kusaidia, na kadiri watu walivyokuwa wengi ndivyo uwezekano wa mmoja wao kujitokeza ulivyoongezeka. Watu wanasaidiana. Kinachokosekana mara nyingi ni yule wa kwanza.

Nije kwenye swali lako la kuzaliwa nao. Yuko mwanamke mmoja Marekani anayejulikana katika maandishi ya kitaalamu kwa herufi mbili tu, S.M. Ugonjwa adimu uliharibu amigdala zake zote mbili. Watafiti walimpeleka kwenye duka la nyoka, akawashika. Walimpeleka kwenye nyumba ya kutishia watu, akatembea mbele akitabasamu. Amewahi kuwekewa kisu shingoni bustanini usiku, na kesho yake akapita bustani ile ile. Karibu hana hofu kabisa. Je, ni jasiri? Mimi nasema hapana. Mtu asiyeogopa hana cha kushinda, tena yumo hatarini zaidi kuliko wewe na mimi, kwa kuwa hakuna kinachomwambia arudi nyuma. Stanley Rachman, mwanasaikolojia aliyewachunguza askari wa miavuli na wategua mabomu wa jeshi la Uingereza, aliueleza ujasiri kuwa ni kuendelea na jambo ilhali unaogopa. Kwa maana hiyo, hofu uliyoihisi haikutoi kwenye kundi la majasiri. Ndiyo inayokupa nafasi ya kuingia.

Ni kweli wapo waliozaliwa na miili mitulivu zaidi. Miongoni mwa wale wategua mabomu, waliopewa nishani za ushujaa walionekana maabara kuwa na mapigo ya moyo ya chini kidogo kuliko wenzao walipowekwa kwenye shinikizo. Hilo silifichi. Lakini Rachman aliona pia kwamba mafunzo yaliwaongezea kujiamini hata wale ambao hawajawahi kugusa bomu la kweli, na karibu wote waliifanya kazi yao vizuri, wenye nishani na wasio nazo. Waliochunguzwa wakiruka kwa miavuli miaka ya 1960 wanatufundisha zaidi. Mgeni wa kuruka hofu yake hupanda na kupanda mpaka dakika ya kuruka. Mzoefu naye huogopa, lakini hofu yake hufika kileleni mapema, kisha hushuka kadiri anavyokaribia mlango wa ndege, hivyo anapofika mlangoni mikono yake ni yake. Mazoezi hayakuiua hofu, yaliihamisha saa.

Hapa nimtaje marehemu baba yako, Mungu amrehemu, kwa sababu nahisi unapojiita mwoga unajipima naye. Jeshi lolote duniani, hili letu likiwemo, halimwamini mtu kwa damu yake. Linampigisha kwata, linamfungulisha na kumfungisha bunduki gizani, linamrudisha kwenye zoezi lile lile mpaka mwili unakwenda bila kuuliza. Kazi yote ile ni kuhakikisha siku ya hatari askari hatungi jibu, analichagua. Ulichokiona kwa baba yako alikipata kwa jasho. Hakuna aliyekupitisha wewe kwenye zoezi lolote la kumwokoa mtu majini, na haiwezekani ulaumiwe kwa kukosa kitu ambacho hukupewa.

Naomba pia uelewe ni kwa nini sitaki ujilaumu kwa kutojirusha. Watu wa Kanda ya Ziwa tunabeba kumbukumbu ya MV Bukoba, Mei 21, 1996. Meli ilikuwa imepinduka, bado inaelea, na walionaswa ndani walisikika wakigonga. Waliokuja kuokoa wakatoboa bati ili wawatoe. Hewa iliyokuwa imeishikilia meli ikatoka, na meli ikazama. Sina neno la lawama kwao, walikwenda kwa moyo safi. Lakini moyo peke yake haukujua kwamba hewa ile ndiyo iliyokuwa inawabeba waliomo ndani. Kwa mtu anayezama ni hivyo hivyo. Hana nia mbaya, lakini akikupata atakupanda kama ngazi, na kijana mwenye nguvu kama wewe asiyejua kuogelea vizuri anaweza kuzamishwa na mtoto. Wazee waliosema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio walikuwa wamezika watu wa namna hiyo.

Upande wa pili ni Bukoba hiyo hiyo, Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilipoangukia ziwani karibu na uwanja ikiwa na watu 43. Wavuvi walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika, kwa mitumbwi na makasia yao. Watu 24 walitoka hai, 19 wakafariki. Wale wavuvi hawakuwahi kufundishwa kuokoa abiria wa ndege, lakini maji waliyajua, mtumbwi waliujua, na kazi ya kumvuta mtu mzito aliyelowa juu ya ubavu wa mtumbwi bila kuupindua waliijua tangu utotoni. Hatari ilikuwa mpya, mikono ilikuwa ya zamani.

Tena usidhani ujasiri ni kukimbia kuelekea kitu tu. Desemba 21, 2015, kaskazini mashariki mwa Kenya, wapiganaji wa Al-Shabaab walisimamisha basi lililokuwa likielekea Mandera na kutaka Waislamu wajitenge na Wakristo. Mwaka mmoja nyuma, katika kaunti hiyo hiyo, abiria 28 wa basi jingine walitengwa na kuuawa. Safari hii Waislamu walikataa kujitenga. Wanawake waliwapa wenzao Wakristo vitambaa vya kichwa wajifunike. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi, na Januari 2016 akafariki hospitalini. Hawakumrukia mtu, walibaki walipo. Naamini, na hii ni hukumu yangu mimi, kwamba mwaka ule mzima wasafiri wa njia ile walikuwa wamejiuliza: siku wakinisimamisha mimi, nitafanya nini? Waliposimamishwa kweli, wengi jibu walikuwa nalo.

Basi na wewe ujiwekee jibu. La kwanza ni sauti. Mtu anayezama mara nyingi hapigi kelele, hawezi, pumzi yote inahangaika kuingia. Husimama wima majini, mikono inasukuma maji chini, mdomo unazama na kuibuka, na baada ya muda mfupi sana, pengine chini ya dakika moja, hayupo. Hivyo yowe lazima lipigwe na aliyemwona. Ukihisi umeganda, toa pumzi yote nje, usogeze mguu mmoja, halafu piga yowe. Mtaje mtu: "Wewe mwenye fulana nyekundu, leta upondo! Mama, shika simu, piga 114!" Hiyo ni namba ya Zimamoto na Uokoaji. Ukimtaja mtu, umemtoa kwenye kundi la watazamaji, naye atafanya.

La pili ni kuokoa bila kuzama. Fikisha kitu kirefu, upondo au kasia, ukiwa umelala kifudifudi ukingoni ili usivutwe. Huna mti, rusha kamba au khanga mbili zilizofungwa pamoja. Yupo mbali, rusha dumu tupu la lita 20 lililofungwa kizibo, linambeba mtu mzima. Mtumbwi ufuate baada ya hapo. Kuingia mwenyewe ni kwa aliyefundishwa.

Mtoto akitolewa hapumui, usimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo kutoa maji. Naona jambo hilo likifanywa kila mwaka na linapoteza dakika za uhai. Kilichomwangusha ni kukosa hewa, kwa hiyo hewa ndiyo ya kwanza: mlaze chali, inua kidevu, ziba pua, mpulizie mdomoni mpaka uone kifua kinapanda, kisha anza kukandamiza kifua. Hilo huwezi kulijulia kwenye barua yangu. Nenda Msalaba Mwekundu uulizie mafunzo ya huduma ya kwanza, ulifanye kwa mikono kwenye sanamu mpaka lizoeleke. Jifunze na kuogelea, umri wako unaruhusu.

Kabla ya hayo yote, rudi mwaloni. Najua unapakwepa. Mwamkie yule mama, mwambie ulikuwepo, na umwombe akuonyeshe alivyoushika ule upondo. Hatakucheka, nakuhakikishia kwa jinsi ninavyowafahamu akina mama wa mialo. Huenda akakuambia kwamba baada ya pale mikono yake ilitetemeka mpaka akashindwa kukusanya dagaa.

Kuhusu wenzako, siku watakapokuita jina lile tena, jibu mara moja tu kwa sauti ya kawaida: "Ni kweli niliganda, na ninyi pia mlikuwepo." Usiongeze. Ila hali ikiwa bado ni kukosa usingizi, kumwona mtoto yule ukifumba macho, au kushtuka ukisikia maji yanagonga mtumbwi, na imepita zaidi ya mwezi tangu tukio, nenda hospitali ya mkoa uonane na mtaalamu wa afya ya akili. Aibu ya kuganda inaweza kuumiza watu kuliko tukio lenyewe. Mwaka 2017 watafiti wa Stockholm walichapisha taarifa za wanawake 298 waliofika kliniki baada ya kubakwa, na asilimia 70 kati yao walikuwa wameganda kwa kiwango kikubwa wakati wa tukio. Waliopitia hali hiyo ndio waliosumbuliwa zaidi na msongo na sonona miezi iliyofuata. Wengi wao huulizwa, hata na ndugu zao, "mbona hukupiga kelele?" Swali hilo ni la kikatili, na wewe sasa ni mmoja wa watu wachache wanaojua kutoka ndani ya mwili wao kwa nini halistahili kuulizwa.

Na mchumba wako? Mwambie, tena wiki hii, kabla hajalisikia jina lile kwa wengine. Mweleze kama ulivyonieleza mimi, kwa mpangilio ule ule, pamoja na yale maneno ya kumwona mtoto kabla ya wengine. Usimwombe akuhukumu wala akufariji. Mwambie tu unaanza mafunzo lini, na kama anapenda, muende wote.